Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa halmashauri yetu: fungueni zahanati tuliyoijenga

Kwako Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Halmashauri na waheshimiwa madiwani wote, Mheshimiwa Mbunge.

YAH: ZAHANATI YA KIJIJI ILIYOJENGWA NA WANANCHI KUKAA IMEFUNGWA

Ndugu Mkurugenzi, salaam kutoka kijijini.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji chetu, na naandika hadharani kwasababu njia za ofisini tumeshazipita zote. Barua tumeandika, zimegongwa muhuri wa kijiji, zimepita kwa mtendaji wa kata, zimepokelewa masjala hapo kwako na nakala zenye muhuri wa kupokelewa tunazo, majibu hayajaja. Tukija wenyewe tunaambiwa mhusika yuko semina, siku nyingine tunaambiwa jambo letu linafanyiwa kazi. Sasa linafanyiwa kazi na nani, lini, kwa hela ipi, hapo ndo hakuna anaejibu.

Jina la kijiji na la wilaya sijaliweka humu. Wewe unatujua, faili letu liko ofisini kwako, na mimi sina nia ya kumchafua mtu mmoja mmoja maana wengine wameikuta hii shida hapo mezani. Alafu atakaesoma akiwa Bahi, Chemba, Mpwapwa au hata kule Manyoni anaweza akadhani naongelea kwao, na akidhani hivo sio vibaya, na yeye aulize.

Naomba nianzie mbali kidogo ili tuelewane hasira ya watu inatoka wapi. Wazee wetu wengi hapa kijiji kilipo leo hawakuzaliwa. Walikua wametawanyika, kila ukoo na mifugo yake, mpaka ilipokuja Operesheni Dodoma mwaka 1971 wakaambiwa wasogee wakae pamoja ili iwe rahisi kuletewa maji, shule na matibabu. Wakaacha mashamba yao na makaburi ya wazazi wao wakasogea. Shule ilikuja. Maji yalikuja kwa kusuasua. Matibabu ndo haya ninayoyaandikia barua leo, na baadhi ya wazee waliosogea mwaka ule bado wapo hai wanauliza.

Mwaka 2007 ikatoka Sera ya Afya, na ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ule MMAM, ukasema ifikapo 2017 kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Tukasubiri. Mwaka 2017 wenyewe ulipofika na kwetu hakuna hata tofali, mkutano mkuu wa kijiji ukaamua tuanze sisi. Watu wa halmashauri walikuja kwenye mkutano ule, wakatupongeza, wakatueleza utaratibu kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu aliielewa: wananchi mnapandisha boma mpaka lenta, yani kuta mpaka juu ya milango na madirisha, halmashauri inapaua na kumalizia, Serikali inaleta watumishi na dawa. Muhtasari wa mkutano upo na mahudhurio yapo.

Kilichofuata nataka nikieleze vizuri kwasababu kwenye ripoti huwa kinaandikwa kwa maneno matatu tu, "nguvu za wananchi", kisha mtu anageuza ukurasa. Kila kaya ilipangiwa mchango wa hela, na asiekua na hela alileta debe la uwele au alizeti baada ya mavuno, mwenyekiti wa kitongoji anapokea, mtunza hazina anaandika kwenye daftari, vinauzwa mnadani hela inaingia akaunti ya kijiji. Mchanga tulisomba korongoni kwa mikokoteni ya ng'ombe. Kokoto waliponda wamama na wazee kwa nyundo, wanakaa chini ya kivuli kuanzia asubuhi, na wengi wao hawajawahi kulipwa hata soda. Mtihani mkubwa ulikua maji, maana ujenzi kwetu unafanyika kiangazi, mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na wakati huo kila mtu yuko shambani, kwahiyo ujenzi unaangukia mwezi wa nane na wa tisa ambapo kisima kinatoa maji ya kusubiria. Wamama walikua wanaenda kisimani saa tisa usiku ili asubuhi fundi akute maji ya kuchanganyia zege na kumwagilia tofali. Vijana wetu wanaofanya saidia fundi Dodoma mjini, kule Mtumba kwenye majengo ya wizara na Ihumwa, walichangishana mifuko ya simenti wakaipakia kwenye lori la mkaa linalorudi tupu. Hizo ndo nguvu za wananchi Ndugu Mkurugenzi.

Boma likafika lenta mwaka 2019. Kuanzia hapo malalamiko yetu ni haya.

1. Halmashauri haikuja kumalizia kama tulivokubaliana

Tulisubiri mtu aje apaue. Kuta zikanyeshewa misimu kadhaa, tofali za juu zikaanza kumomonyoka tukawa tunazifunika na maturubai. Miaka hiyohiyo tukawa tunasikia Serikali Kuu inaleta sh milioni 50 kwa kila boma la zahanati kwa ajili ya umaliziaji, na ni kweli zililetwa, vijiji vingine tumeviona vimemaliza na tumefurahi nao. Tulipouliza kwetu vipi, tukajibiwa orodha imetoka TAMISEMI, ile ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia halmashauri. Tukauliza TAMISEMI wameijuaje hiyo orodha, maana wao hawatembei kijiji kwa kijiji kuhesabu maboma, wanapelekewa na halmashauri. Hapo kikawa kimya. Sisemi kuna mtu alitukata makusudi, inawezekana ni usahaulifu wa mtu aliejaza fomu, lakini hata kama ni usahaulifu bado ni kosa la ofisi na aliyelibeba ni mwanakijiji.

Mwaka 2023 tukapaua wenyewe. Bati kiasi fulani zilitoka mfuko wa jimbo, kwa hilo tunashukuru na nimeona niliandike ili haki itendeke. Mbao, misumari, mabati yaliyopungua, gata na hela ya fundi vilitoka kwenye shamba la kijiji la alizeti na michango mingine. Yani kazi ambayo ilikua ya kwenu tumeifanya sisi, na hatujawahi kuidai.

2. Ramani

Hili nitalielezea kirefu kidogo kwasababu ndo limewakatisha watu tamaa kuliko yote.

Tumepaua, tumepiga plasta, tumeweka madirisha ya grili, tukaita halmashauri waje wakague. Akaja mhandisi akaangalia akasema ramani mliyojengea imeshabadilika, siku hizi zahanati inatakiwa chumba cha kujifungulia kiwe kikubwa zaidi ya hiki, kuwe na chumba cha mama kupumzika akishajifungua, na mlangoni kuwe na njia ya kiti cha magurudumu. Ndugu Mkurugenzi, sisi hatukuchora ramani. Ramani tulipewa na ofisi ya ujenzi ya halmashauri mwaka 2017 na ina muhuri wake. Msingi ulikaguliwa ukasainiwa, jamvi likakaguliwa likasainiwa, lenta ikakaguliwa ikasainiwa, na katika saini zote hizo hakuna hata moja iliyotuambia simameni ramani inabadilika. Leo jengo limekwisha ndo tunaambiwa halikidhi vigezo.

Njia ya kiti cha magurudumu tuliijenga wiki ileile, hatukubisha, kijijini kuna watu wanaoihitaji na kwa kweli tulipaswa tuifikirie tangu mwanzo iwepo ramani isiwepo. Lakini kuongeza vyumba ni kuvunja ukuta, kuhamisha paa, kuanza msingi mpya. Tuliuliza je tubomoe, tukaambiwa hapana hamuwezi kubomoa, "mtaboresha". Hiyo kuboresha haina makadirio ya maandishi, haina mchoro, haina mtu aliyesaini. Fundi wetu ameuliza aboreshe nini na kwa vipimo gani na hajajibiwa.

Sisi tunaona kama ramani imebadilika wakati wananchi wameshajenga kwa ramani halali waliyopewa na Serikali, basi gharama ya tofauti ibebwe na aliyebadilisha. Au jengo lipokelewe kama lilivyo lianze kutoa huduma linazoweza, hayo mengine yaje awamu ya pili. Ni jambo la kukaa mezani mara moja likaisha.

3. Masharti kuja moja moja

Choo tulijenga. Kikaisha tukaambiwa bado shimo la kondo la nyuma. Tukachimba, tukajengea. Tukaambiwa bado kichomea taka. Tukachanga tukajenga. Sasa tunaambiwa bado nyumba ya mtumishi.

Hakuna hata sharti moja hapo tunalolipinga. Taka za hospitali zisipochomwa watoto watazichezea, na mtumishi anaetoka mbali hawezi kulala chini ya mti. Tunachopinga ni haya mambo kuja kidogokidogo, ukimaliza hili ndo unatajiwa lile. Kijiji chetu kinapata hela mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na mvua zikikataa hata hiyo mara moja haipo. Kwahiyo kila sharti jipya mnalolitaja kwa mdomo kwenye kikao cha dakika chache, kwetu ni mwaka mzima. Mngetupa orodha yote mwaka 2017 tungepanga, tungejua tuanze na nini, pengine hata nyumba ya mtumishi ingekua imesimama kabla hatujagusa mbao za paa.

4. Wajawazito

Zahanati tunayoitegemea iko kijiji kingine, kilomita kama 14, na katikati kuna korongo kubwa. Kiangazi unapita na bodaboda. Mvua ikinyesha juu huko milimani, hata kama kwetu jua linawaka, korongo linajaa ghafla na linaweza kukaa hivo usiku kucha, hapiti bodaboda wala mkokoteni. Kuna dada yetu alijifungulia ukingoni mwa lile korongo akisubiri maji yapungue, amezungukwa na wifi zake na vitenge walivyojifunga. Mungu alisaidia wote wawili wapo. Siandiki jina lake. Wapo ambao mambo hayakuisha vile na familia zao zinaisoma barua hii.

Najua mtasema kuna ule usafiri wa dharura wa m-mama, unapiga 115 bure gari linakuja. Ni mpango mzuri na uzinduzi wake wa kitaifa ulifanyika hapahapa Dodoma mwaka 2022. Ila kwetu ili upate mtandao wa simu inabidi upande kilima cha nyuma ya shule, sasa usiku mjamzito ana uchungu mtu akimbie kilimani akapige, alafu gari likija lisimame ng'ambo ya korongo. Mpango ule uliwekwa ili kumtoa mama kwenye kituo kumpeleka kituo kikubwa au kumuwahisha kituo cha karibu. Cha karibu kwetu ndo hicho kilichofungwa kwa kufuli.

Nchi imepiga hatua kwenye hili na lazima tuseme. Takwimu za Serikali za mwaka 2022 zinaonyesha vifo vya uzazi ni 104 kwa kila vizazi hai laki moja, wakati utafiti wa 2015/16 ulionyesha 556. Sisi tunataka na kijiji chetu kiwemo kwenye hiyo hatua. Kliniki ya wajawazito na chanjo za watoto tunaletewa kwa huduma ya mkoba, muuguzi anakuja siku moja, anakaa darasani wanafunzi wanatolewa nje, mizani ya watoto inaning'inizwa kwenye mti, na jengo la zahanati linaonekana kutoka pale, lina paa, lina vyumba, lina benchi tulizochonga. Muuguzi mwenyewe amewahi kuuliza kwanini asikae mle akaambiwa jengo halijasajiliwa.

5. Watumishi

Hapa tunaelewa kabisa kwamba ajira hazitolewi na halmashauri, kibali kinatoka Utumishi, na watumishi wa afya ni wachache nchi nzima. Kwahiyo hatuombi timu kamili ya ikama, yani idadi yote ya watumishi iliyopangwa kwa zahanati. Zahanati nyingi tu za vijijini zinaendeshwa na watumishi wawili au watatu, tunaomba hao wawili, mganga mmoja na muuguzi mmoja. Ndani ya halmashauri hii kupanga nani akae wapi ni mamlaka yako Ndugu Mkurugenzi, na kila anaetibiwa makao makuu ya wilaya anaona pale watumishi walivyokaa wengi kwenye kituo kimoja. Sisemi ni wavivu, wana kazi, ila wakipungua wawili pale kituo hakitafungwa na kwetu wakiongezeka wawili zahanati inafunguka.

Na tumeshajiandaa. Kuna nyumba mbili za wanakijiji zimetolewa kwa mtumishi kukaa bure mpaka nyumba ya Serikali ijengwe, moja ina umeme wa jua. Wenye nyumba wamesaini kwa mtendaji. Ofa hii iko kwenye barua yetu ya mwisho ambayo haijajibiwa.

6. Tunashirikishwa kuchanga, hatushirikishwi kuamua

Hili ndo kubwa kuliko yote na mengine yote yanatokana na hili.

Wakati wa kuchanga tulishirikishwa vizuri sana. Viongozi walikuja na spika, mkutano ukajaa, kila kitongoji kikapewa malengo. Wakati wa kukata bajeti hatukushirikishwa. Wakati wa kupanga orodha ya maboma ya kumaliziwa hatukushirikishwa. Wakati wa kubadilisha ramani hatukuambiwa. Wakati wa kupanga watumishi hatuulizwi. Katiba yetu ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, madaraka, na mimi kila nikilisoma lile neno najiuliza katika huu mradi wetu ni uamuzi gani hata mmoja tuliofanya sisi baada ya kuweka msingi. Hata ule mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo mnaowafundisha watendaji wetu unasema jamii ianze na juhudi zake halmashauri iongezee pale nguvu ya jamii inapoishia. Sisi tulianza, tukafika mwisho wa nguvu zetu, tukavuka na huo mwisho.

Alafu kuna suala la hesabu. Michango yetu yote, hela, nafaka, siku za kazi, mchanga, haionekani popote kwenye vitabu vya halmashauri kama thamani. Jengo likifunguliwa kesho litaandikwa mradi wa halmashauri. Hatutafuti sifa. Tunachosema ni kwamba mtu akichanga na mchango wake ukaandikwa anakua na haki ya kuuliza, na sisi tukiuliza tunachukuliwa kama watu wanaoomba msaada. Ndo maana hata vijana wameanza kugoma kuchangia madarasa, wanasema tutachanga alafu litakaa kama zahanati. Mtendaji anawaona wakorofi. Mimi nawaelewa, na nasikitika, kwasababu kijiji kikishazoea kutochangia kukirudisha itachukua miaka.

Kuna majibu ambayo nimeshayasikia, naomba tusirudiane.

Mtasema bajeti ni finyu. Sawa, lakini Serikali imeagiza halmashauri zitenge sehemu ya mapato ya ndani kwa ajili ya maendeleo, na ushuru wa alizeti na mifugo yetu unakatwa kila mnada humohumo kijijini. Tunachouliza ni kiasi gani cha hiyo sehemu kimewahi kurudi kwetu kwenye afya tangu 2017. Kama ni sifuri iandikwe sifuri.

Mtasema kijiji kina watu wachache. Zahanati ikifunguliwa itahudumia na vitongoji vya vijiji viwili vya jirani ambavyo navyo vimekatwa na korongo, wenyeviti wao wameandika barua ya kutuunga mkono.

Mtasema tukate bima. Kuna kaya zilijiunga CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipokua sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita tangu 2023, tunaipokea kwa moyo mmoja. Ila mama mwenye kadi yake alikua analipa bodaboda kwenda na kurudi hela inayokaribia nusu ya hiyo bima kwa safari moja, na mwaka unaofuata hakati tena, na huwezi kumlaumu.

Na wapo watakaosema barua hii ni siasa. Kwenye daftari la michango kuna majina ya watu wa vyama vyote, kuna wasio na chama, kuna Waanglikana, Wakatoliki, Waislamu, Wagogo, Warangi na wafugaji waliohamia juzi, na wote wametoa. Malaria ya mtoto haiulizi kadi ya mzazi.

Tunachoomba sasa, na tunaomba kwa heshima zote lakini hatutaacha kuomba:

a) Majibu ya maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30, tunaomba ndani ya hizo tujue jengo letu liko kwenye hatua gani ya usajili, lilikuwemo au halikuwemo kwenye orodha za maboma zilizopelekwa TAMISEMI, na kwa nini.

b) Orodha moja ya mwisho ya vinavyopungua, yenye makadirio na mchoro, imesainiwa na mhandisi na Mganga Mkuu wa Wilaya, ionyeshe kipi ni cha kijiji na kipi ni cha halmashauri. Ikishasainiwa isiongezwe kitu.

c) Huduma ya mkoba ihamie kwenye jengo kuanzia mwezi ujao. Hili halihitaji bajeti, usajili wala kibali cha ajira, linahitaji simu moja kutoka ofisini kwako. Watoto wapimwe ndani ya chumba, na mjamzito apimwe kitandani badala ya kulazwa kwenye dawati.

d) Watumishi wawili wahamishwe ndani ya mwaka huu wa fedha, na mchakato wa usajili uanze sambamba ili jengo lifunguliwe akaunti na liweze kupata mgao wa dawa Bohari ya Dawa. Tusije tukaletewa mganga akakaa na kabati tupu.

e) Kilichobaki kiingizwe kwenye bajeti ijayo kwa jina la kijiji, na diwani wetu apewe nakala ya ukurasa husika kabla baraza halijapitisha, maana bajeti ikishapita tunaambiwa subirini mwakani.

f) Michango ya wananchi ithaminiwe na iandikwe kwenye vitabu vya mradi.

g) Uje. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria na ujao tutautangaza mapema ili usigongane na ratiba zako. Uje na mhandisi na Mganga Mkuu, mkae mbele ya watu, mjibu maswali. Ukitujibu kwamba haiwezekani mpaka mwaka fulani na ukataja huo mwaka na ukasaini, watu watakusikiliza. Wamama walioponda kokoto wanataka tarehe.

Kwa upande wetu nyumba ya mtumishi tutaanza msingi mwaka huu baada ya kuuza alizeti, mkituletea ramani ambayo haitabadilika. Tofali zimeshaanza kufyatuliwa. Ulinzi wa jengo unaendelea kwa zamu za vitongoji, hakuna kioo kilichovunjwa wala kitasa kilichoibiwa mpaka leo.

Daftari la michango, stakabadhi za vifaa, ramani yenye muhuri wa 2017, saini za ukaguzi na nakala za barua zote vipo kwa mtunza hazina wa kijiji. Afisa yeyote atakaetumwa na ofisi yako aje siku yoyote ya kazi atafunguliwa avisome, na funguo za jengo zipo kwa mwenyekiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe, Kamati ya Ujenzi wa Zahanati,
kwa niaba ya wanakijiji,
Mkoa wa Dodoma.